Neno Nisilolisema Kitale

Watu wa kwetu, kuanzia Bokoli kushuka hadi Kanduyi, hatujawahi kuona sababu ya kuzitenganisha l na r. Mtu akikwambia anakwenda kulima, au anakwenda kurima, utamkuta kwenye shamba lile lile na jembe lile lile. Mama alikuwa akituita kula leo na kesho akituita kura, nasi tulishiba siku zote mbili. Nilipofika shule ya sekondari nilimkuta mwalimu mmoja ambaye jambo hili lilimnyima usingizi. Alitusimamisha mmoja mmoja tuseme "lori la reli", darasa zima likicheka, na aliyeshindwa alibaki amesimama mpaka kengele ilie. Nilijifunza. Kalamu yangu haikukosea tena. Ulimi nao ulijua tofauti, mradi tu sikuwa na haraka wala hofu.

Masomo sikuyamaliza. Nyumbani tulikuwa wengi, na Papa, yaani baba, aliona kwamba nimekwisha pata ya kunitosha, wadogo nao waonje. Nikaenda Kitale kwa miguu, nikipitia Kamukuywa na Kiminini, viatu nimevifunga kamba na kuvitundika shingoni visichakae. Hiyo ilikuwa kabla ya vita vya pili vya dunia. Mzungu mmoja aliyekuwa na shamba la mahindi upande wa milima ya Cherangani aliniandika kazi ya karani wa stoo. Nilikuwa na meza yangu, na ufunguo ambao niliuvaa shingoni pamoja na kipande, kile cheti cha kazi ndani ya mkebe wake. Vibarua walinitania.

"Karani, shingo yako imekuwa ya ng'ombe wa bwana. Bado kengele tu."

Nilicheka nao. Nilikuwa na furaha, nadhani. Asubuhi kule zilikuwa na baridi kali, ukungu umelala juu ya mahindi, na mimi ndiye niliyefungua mlango wa kwanza shambani.

Jumatatu moja tandiko la farasi la bwana halikuwapo. Lilikuwa tandiko la ngozi kutoka kwao Ulaya, na lilikaa juu ya mti wa kuliwekea nyuma ya magunia. Bwana alisimama mlangoni akauliza swali moja.

"Ufunguo unakaa na nani?"

"Na mimi, bwana."

Kesi yote ilikuwa hiyo. Ufunguo wa pili ulitundikwa kwenye msumari jikoni kwake, na kila aliyepita kwenda kuomba maji aliuona, lakini hakuna aliyeuliza habari za ufunguo wa pili. Jioni ile nililala rumande.

Siku ya kesi nilikuwa nimejiandaa. Lazima nieleze hapa jinsi watu wa kwetu wanavyojibu shtaka, maana bila hilo mambo yaliyofuata hayaeleweki. Kwetu mtu haulizwi akajibu ndiyo au hapana. Hiyo ni tabia ya mtoto, au ya mtu mwenye haraka ya kuondoka. Unaanza mbali. Unasema wewe ni nani, umezaliwa na nani, umekaaje na watu, na wale wanaokusikiliza wanapima wenyewe kama mtu wa namna hiyo anaweza kutenda jambo kama lile. Neno "sikuiba" linakuja mwisho, tena kwa sauti ya chini, kwa kuwa wakati huo kila mtu ameshalijua.

Chumba kilinuka mafuta ya sakafu. Hakimu alikuwa Mzungu mwenye mafua, akipenga kamasi kwenye kitambaa cheupe. Nilianza kuzungumza naye kwa Kiingereza, maana nilikijua, na nilifikiri kitampunguzia kazi. Aliinua uso kama mtu aliyesikia kiti kikizungumza. Kisha akamwambia mkalimani niseme Kiswahili kama wenzangu.

Mkalimani alikuwa mtu wa pwani, mpole, amevaa koti juu ya kanzu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha vitabuni.

"Umeshitakiwa kwa wizi wa tandiko la bwana wako," aliniambia. "Je, wakiri au wakana?"

Hofu ilinishika, na nilitaka kusema upesi kabla haijaonekana. Nilikuwa nimepanga kuanza hivi: mimi nina akili, nimesoma, ni mtoto wa mzee wa kanisa, mtu kama mimi hawezi kuiba kitu asichoweza hata kukipanda. Niliona ni mwanzo mzuri.

"Bwana hakimu," nilisema, "mimi nina akiri..."

Ndivyo lilivyotoka. Ulimi ulikuwa umekimbilia nyumbani. Na kwa haraka ile maneno mawili yalishikana yakawa moja. Mkalimani alimgeukia hakimu akasema neno moja fupi la Kiingereza, nami nililielewa kabla halijaandikwa. Alisema nimekubali kosa.

"Hapana!" nilipiga kelele. "Sijamaliza!"

Askari alinibana bega. "Nyamaza wewe. Umeshakiri."

Hakimu alipenga kamasi, akaandika, akasema nimefanya vizuri kutoipotezea mahakama wakati, kwa hiyo atanihurumia. Huruma yenyewe ilikuwa kifungo cha kutoka palizi hadi mavuno.

Nje, kwenye baraza, tukingoja watuhumiwa wengine wamalize ili tupelekwe pamoja, mkalimani alitoka kunywa maji. Nilimwita.

"Mzee wangu, mbona umeniua? Mimi sikusema vile."

"Ndugu yangu, si nimekusikia kwa masikio yangu? Umesema ninakiri."

"Nimesema nina akiri! Akiri! Hii ya kichwani!" Nilijigonga paji la uso.

"Haya. Wakiri tena, mbele ya askari."

"Akiri, mzee. Akiri ya kufikiri!"

Askari alicheka mpaka akaegemea ukuta. Lakini mkalimani hakucheka. Nilimwona akiacha kikombe hewani. Aliuangalia mkono wangu uliokuwa bado kwenye paji la uso, midomo yake ikajaribu lile neno polepole bila sauti, kwanza hivi, kisha vile.

"Lahaula," alisema.

Nilifikiri atarudi ndani. Aliutazama mlango. Mlango ulikuwa wazi, na tulimsikia hakimu akikohoa.

"Faili imeshafungwa," aliniambia baadaye, akiangalia chini. "Nikirudi nitaambiwa nilikuwa nimelala kazini. Nina watu nyuma yangu, ndugu yangu. Nisamehe."

Aliniomba msamaha mtu yule, na mimi kwa mazoea tu ya nyumbani nikamjibu, "Hapana neno, mzee."

Gerezani walipokea habari zangu kabla yangu. Kuna jambo ambalo mtu wa nje halijui: gerezani kila mtu hana kosa. Aliyekutwa na mbuzi mabegani alikuwa anamsaidia mbuzi kuvuka mto. Aliyempiga mtu rungu alikuwa anafukuza nyoka. Basi nilipoingia mimi, mtu aliyekubali, walinitazama kama wageni wanavyotazamwa.

"Kumbe mwizi ni wewe peke yako humu," aliniambia nyapara wa chumba chetu, mfungwa mwenye umri mkubwa. "Sisi wengine bana tunasubiri tu serikali itambue imekosea."

"Na mimi sikuiba."

"Ati? Si ulikiri?"

Nilieleza. Nilieleza kwa bidii, mpaka jasho likanitoka katika baridi ile ya Kitale. Wengi wao walikuwa watu wa upande wetu. Walisikiliza kwa heshima, kisha mmoja akasema, "Sasa si ni neno moja tu hilo, akiri na akiri?" Wakaangua kicheko wote. Kuanzia siku hiyo jina langu lilikuwa Bwana Akiri. Walinipenda kwa namna yao. Waliniwekea nafasi karibu na ukuta usiopitisha upepo. Lakini usiku mtu akianza kusema habari ya kesi yake, akifika mahali pa kulalamika, alikuwa akinipa mgongo, kwa sababu malalamiko yalikuwa ya wale wasiokubali.

Niliomba kukata rufaa. Karani wa gereza alinijibu bila ukali kwamba aliyekiri hana rufaa. Anaweza kulalamikia urefu wa kifungo, si kosa. Asubuhi walitutoa kwa mstari kwenda kufyeka nyasi kwenye uwanja wa mchezo wa Wazungu, tukipita kati ya maduka ya Wahindi, askari nyuma. Nilijifunza kutazama visigino vya aliyekuwa mbele yangu. Hata leo nikifumba macho naweza kukuonyesha nyufa zake, na uso wake siukumbuki.

Nilifunguliwa wakati mahindi yanapukuchuliwa. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia Papa. Sikuogopa mtu mwingine. Watu wengine wangeamini wapendavyo. Lakini Papa alikuwa mtu aliyenifunza kuacha hata jiwe la jirani mahali pake, na nilitaka anitazame aseme, "Najua hukuiba." Sikutaka kingine.

Alinikuta njiani. Alikuwa amepata habari kwamba nimetoka, akaja kunilaki akiwa na koti lake la Jumapili. Papa hakuwa mtu wa kukumbatia, lakini siku hiyo alinikumbatia, akalia begani kwangu.

"Mwanangu, nimemshukuru Mungu kwa ajili yako."

"Papa, sikiliza. Mimi sikui..."

"Usiseme. Yamekwisha. Ulikiri mbele ya Wazungu, peke yako, bila kupigwa. Ni wangapi wanaweza? Niliwaambia kanisani. Nilisema, mwanangu amekosa, lakini mwanangu amekiri."

Unajua, neno lile kwetu lilikuwa la kanisani. Katika mambo ya kawaida tunasema kukubali. Kukiri ni kile mtu anachofanya Jumapili, akisimama mbele, akitaja dhambi zake, na watu wakiimba wakimpa mkono mmoja baada ya mwingine. Kanisa la Papa lilikuwa halijengwi na kitu kingine. Habari kutoka Kitale ilikuwa imefika ikiwa na neno hilo kamili, nayo ilimpa Papa njia ya kuibeba aibu yangu bila kuinama. Alikuwa ameshika kitu kizuri mikononi, na mimi nilikuwa nimekuja kumnyang'anya.

Jumapili wakanipa nafasi. Kila mtu alikuwa tayari, nyimbo zimechaguliwa. Nilisimama, nikasema kwa Lubukusu, lugha ya kwetu, kwamba sikuiba tandiko, wala sikukubali kwamba niliiba, na kwamba mkalimani alinisikia vibaya. Kisha mama mmoja mzee kutoka benchi za nyuma akasema kwa huruma, "Shetani anampigania. Tuimbe." Wakaimba. Wakaja kunipa mkono wote. Nilisamehewa siku ile na watu wengi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka.

Ndipo nilipoanza kuondoka. Sisemi niliondoka mara moja, kwa maana nimeondoka mara nyingi. Nilifanya kazi Kisumu bandarini, nikafanya Jinja kwenye kiwanda cha pamba, nikakaa Nakuru, wakati wa vita nikawa karani wa mizigo kwenye reli. Nilirudi nyumbani siku za Krismasi, na kila niliporudi nilikuta msamaha umenisubiri kama chakula kilichofunikwa. Hakuna aliyenitukana. Kaka zangu waliniachia funguo za nyumba zao kwa makusudi, niwaone wakiniamini. Mzee mmoja wa Bokoli alikuwa tayari hata kunioza binti yake, akisema kijana aliyekiri hana siri tena. Nilimshukuru nikapanda treni. Ningemwambia nini binti huyo? Kwamba nimeolewa kwa sifa ya wizi? Tazama, hata sasa nimeandika "nimeolewa", lakini nitaliacha, maana ndivyo nilivyojisikia: mtu anayepelekwa na maneno ya wengine.

Baada ya vita nilipita Kitale tena. Mkanda wa begi langu ulikuwa umekatika, nikaingia kwa fundi wa ngozi, mzee Kalasinga, Mhindi wa kilemba, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alipokuwa akishona tuliongea, akaniuliza zamani nilifanya kazi shamba gani. Nilipomtajia akatoa sindano mdomoni.

"Ile bwana! Tandiko yake ilikaa hapa mpaka mende nataka kula."

Nilimwuliza tandiko gani.

"Tandiko ya Ulaya. Shemeji yake leta, Jumamosi. Sema shona mkanda, mimi nakuja. Mimi shona, mimi ngoja. Hapana kuja! Rudi kwao Ulaya, sahau. Mimi tundika hapo mlangoni, mtu yake ione. Mvua ya kwanza hapana, mahindi kwisha vuna ndiyo bwana mwenyewe napita, naona, nacheka sana. Nasema, kumbe iko hapa!"

Nilimwuliza ni mlango upi. Alinionyesha kwa kidole. Mlango huo ulitazama barabara tuliyopitishwa kila asubuhi kwenda kufyeka nyasi. Labda niliwahi kuliona. Sidhani. Nimeshasema nilikuwa nikitazama wapi.

Fundi aliona uso wangu, akaniuliza kama ninaumwa. Nilipomweleza alikataa malipo ya mkanda, akasema nimlete mzee wangu, yeye atamwambia kwa mdomo wake. Nilikwenda nyumbani bila kulala njiani.

Papa alikuwa ameketi nje akichambua maharagwe. Nilimsimulia yote, shemeji, fundi, mlango. Alisikiliza vizuri. Mikono yake ilisimama.

"Kwa hiyo hukuiba."

"Sikuiba, Papa."

Nilingoja. Nilikuwa nimengoja sentensi hiyo tangu ujana wangu, na sasa ilikuwa imesemwa, lakini ilisemwa kama mtu anayeanza kuhesabu.

"Basi kwa nini ulikiri?"

"Sikukiri. Nilisema nina akili. Yule mtu wa pwani akasikia ninakiri."

"Ulisema nini?"

"Nina akili." Nilikuwa nimetulia, na ulimi ulifanya kazi yake sawasawa.

"Na yeye alisikia nini?"

"Ninakiri."

Papa alinitazama macho yangu moja baada ya jingine, kama anayetafuta ni lipi lenye uongo.

"Umesema kitu kimoja mara mbili," alisema.

Nilirudia. Nikasema polepole, nikaonyesha ulimi unakaa wapi, nikachora mavumbini kwa kijiti ingawa hakujua kusoma. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Masikio yake yalikuwa ya watu wetu, hayakuwa na mahali pa kuweka tofauti hiyo. Mwisho akaendelea kuchambua maharagwe.

"Mwizi nilimsamehe," alisema. "Alikuwa amesema kweli, nikamjua ni wangu. Sasa unaniambia hakukuwa na mwizi. Basi kuna mtu aliyesimama mbele ya hakimu akakubali jambo asilolifanya, na mimi nikalipeleka kanisani. Huyo simjui. Huyo nitamwambia nini?"

Mama alitoka jikoni, akatutazama, akarudi ndani.

Niliondoka asubuhi. Sikumwona tena akiwa hai. Nilikuwa Jinja habari ziliponifikia, na nilipofika Bungoma stesheni watu walikuwa wameshazika. Nilikaa na Mama siku chache. Siku moja tulipokuwa tukianika wimbi, yaani ulezi, kwenye mkeka, akaanza kuniambia jambo kama mtu anayezungumzia hali ya hewa.

"Baba yako alikwenda Kitale."

"Lini?"

"Baada ya wewe kuondoka ile mara. Alipanda lori la mahindi. Ati anakwenda kumwona huyo Kalasinga wako."

Papa hakuwahi kupanda lori. Niliuliza kama alimkuta.

"Alimkuta. Walielewana vipi sijui, huyo Kiswahili chake na baba yako chake. Kisha akaenda mahakamani. Askari wakamfukuza. Akakaa ng'ambo ya barabara mpaka wakafunga."

"Aliporudi alisema nini?"

"Alisema amechoka." Mama alisambaza wimbi kwa kiganja. "Lakini alianza tabia mpya. Jioni anakaa hapo, peke yake, anasema maneno. Akiri. Akiri. Mpaka watoto wakamwiga. Nikamwuliza, mzee, unaita nani? Akaniambia, simwiti mtu. Natafuta mahali yanapoachana."

Nikamwuliza kama alipapata.

"Mimi nitajuaje, mwanangu? Kwangu yalikuwa yale yale." Aliinua uso kutazama upande wa Elgon, ambako wingu lilikuwa limeshafika mabondeni. "Shika mkeka upande huo. Mvua hii haina subira."

Tukauingiza mkeka ndani, wimbi likiwa bado bichi.